Miguu Imekodiwa

Siku hizi mtu hanywi kahawa kwa amani. Umekaa zako barazani, kandambili umeshavua, kashata iko mkononi, mara kijana anakusukumia simu usoni: "Ami, hebu tazama hii." Ukishatazama, umekwisha. Utaulizwa unaonaje, na ukisema huna la kusema utaambiwa unaficha.

Safari hii ni tangazo la Wamarekani. Wala si jipya, la Februari 2024, lakini kwetu vitu hufika kwa mwendo wa jahazi. Lilioneshwa kwenye Super Bowl, fainali ya ule mpira wao wa kubebwa kwapani, ilipochezwa Las Vegas. Mechi ilipoanza, huku ilikuwa saa nane na nusu za usiku kuamkia Jumatatu, saa ambayo Mzanzibari mwenye akili zake yuko macho kwa jambo moja tu, kuvizia mfereji. Wenzetu saa hiyo wanatazama watu wakioshwa miguu! Picha za mnato, moja baada ya moja: askari polisi anamwosha kijana mweusi kichochoroni, mchimba mafuta anamwosha mwanaharakati wa mazingira, mama anamwosha msichana nje ya kliniki ya uzazi wa mpango. Mwisho yanakuja maandishi kwamba Yesu hakufundisha chuki, aliosha miguu. Sekunde 60, kwisha.

Kwisha wapi! Wenyewe kule waliraruana. Wa mrengo wa kushoto wakauliza mfuko ni wa nani, maana mmoja wa wafadhili wa kampeni iliyolitoa tangazo, inaitwa He Gets Us, yaani Yesu anatuelewa, ni David Green wa maduka ya Hobby Lobby, na kampuni hiyo ndiyo iliyokwenda hadi Mahakama ya Juu mwaka 2014 isilazimishwe kuwalipia wafanyakazi baadhi ya dawa za kuzuia mimba, na ikashinda. Wa mrengo wa kulia nao: toba iko wapi? Hii si Injili, hii siasa! Mchungaji mmoja wa Ireland ya Kaskazini akatengeneza video yake ya kujibu, yenye watu ambao Yesu amewabadilisha, ikaenea kwa siku chache. Na mwaka mmoja kabla, kampeni hiyo hiyo ilipoleta matangazo yake mengine, mbunge wao Alexandria Ocasio-Cortez alishasema haoni Yesu akitoa mamilioni kwa matangazo ya Super Bowl ili ufashisti uonekane hauna ubaya. Tangazo la kupatanisha mahasimu, na kweli likawapatanisha: huyu halitaki na yule halitaki.

Sasa lilete hilo barazani kwetu.

Wa kwanza mhasibu mstaafu. Huyo habari ya dini hakuigusa, aliomba kalamu. Sekunde 30 mwaka ule, dola milioni 7 hivi. Sekunde 60, milioni 14. Gawa kwa 60, unapata dola 233,000 na ushei kila sekunde. Zidisha kwa 2,500, shilingi za dola moja wakati ule, ni shilingi milioni 583. Akatutazama kwa zamu kama hakimu kabla ya hukumu. Mzee wa pembeni akapiga chafya. "Hiyo," akasema mhasibu, "milioni mia tano themanini na tatu imekwenda." Muuza kahawa akataka kujua ni vikombe vingapi. Akajibiwa alipwe kwanza vya jana, na anayejibu ndiye anayedaiwa.

Maalim alikuwa kimya, amevuta simu karibu na pua. Tukadhani ameguswa. "Huku," akasema, "si kuosha miguu. Huku ni kulowesha." Tukaanza darasa. Mguu wa kulia kwanza, mara tatu, hadi vifundo vyote viwili viingie. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kipite katikati ya vidole vya mguu, kuanzia kidole cha mwisho cha kulia hadi cha mwisho cha kushoto. Kisigino ndipo wengi wanapopotea, maana maji hupita juu yake yakakiacha kikavu, na visigino vikavu vimekuja na onyo la moto. Halafu hilo beseni! Maji ya kutulia yasiyofika kulla mbili, lita mia mbili na kitu, yakishatumika kwa udhu wa faradhi hayafai tena kwa udhu mwingine. "Beseni hilo lina lita ngapi? Kumi? Na wamepita watu wangapi?"

"Maalim," akasema jamaa yetu Mkristo, anayesali Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki hapa mjini, "hawa hawatii udhu."

Masikini, heri angenyamaza. Macho yote yakamgeukia yeye kana kwamba risiti ya dola milioni 14 iko mfukoni mwake. Eti wenzako wana maana gani? Eti kwa nini wasinunue mchele? Mtu kazaliwa Welezo, Marekani kwenyewe hakujui, anasailiwa kwa niaba ya Las Vegas. Akaeleza kwa adabu kwamba habari iko Yohana sura ya 13: Yesu aliondoka mezani, akavua vazi, akajifunga taulo kiunoni, na Petro akagoma kuoshwa. Kanisani hufanywa Alhamisi Kuu, kabla ya Pasaka. Wanakaa watu 12, kila mmoja anavua kiatu, jagi juu, beseni chini, padri anapiga magoti na taulo. Tangu Januari 2016 Papa Francis aliruhusu na wanawake wawemo. "Na kila aliyechaguliwa," akaongeza, "huosha miguu kwao kwanza, kwa sabuni na dodoki, ndipo aende akaoshwe."

Hapo ndipo fundi viatu alipoinua kichwa. Mtu wa miaka na miaka ya kuangalia nyayo za watu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akakagua kisigino, akakagua ukucha. "Hawana magaga," akasema. "Hata mmoja. Hii miguu imekodiwa."

Baraza zima likakubali. Miguu imekodiwa! Maneno yaliyoandikwa chini yake hakuna aliyeyarudia.

Na ndiyo tabia yetu, tusidanganyane. Kampuni ya simu ikituma salamu za Krismasi, huyu ananuna. Ikituma za Idi, yule ananuna. Wote wawili salio limeliwa. Kwenye boti ya Dar ikipigwa kwaya, nusu ya abiria wanapata kichefuchefu hata kabla ya kung'oa nanga. Ibada ya Jumapili kwenye TV watu huizima haraka, ila hungojea matangazo ya vifo.

Lakini linalonitoa roho mimi si hilo. Ni yale maji! Beseni limejaa hadi ukingoni, safi, linamwagika kwenye majani na hakuna anayepiga kelele! Huku kwetu mfereji unakoroma tu. Maji ya kuoshea mchele ndiyo ya kuoshea vyombo, ya vyombo ndiyo ya chooni, na anayetaka kunawa uso anaulizwa anakwenda wapi. Halafu mtu aje aniambie nioshe miguu ya jirani. Ya jirani! Na mtungi nimeununua kwa mkokoteni!

Tena huyo jirani mwenyewe. Alikuja kuazima beseni kwa ajili ya arusi ya mwanawe, lile kubwa la kijani lenye ufa ukingoni. Arusi imepita, bibi harusi keshapata mimba, beseni limekaa uani kwake limetiwa pweza. Alirejeshe. Na sufuria lake la pilau asiulize, kwa sasa lina mkaa.