Mpeni Mtoto Chakula

Tangu Aprili 2023, Mkristo wa Malindi akisema "leo nimefunga" watu humkazia macho. Mwenye bodaboda atauliza, nusu mzaha nusu kweli, "Lakini jioni utakula?" Simlaumu. Msitu wa Shakahola, ambako inadaiwa mhubiri mmoja aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, si mbali na sisi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule, ikaletwa mochari ya hapa mjini, ikakaa miezi mingi ikisubiri vipimo vya DNA, na familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024. Wapasuaji wa serikali walieleza kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwemo, walinyongwa.

Kesi iko mahakamani, naiacha huko. Ninaowafikiria mimi ni wale waliokwenda. Tumezoea kusema walikuwa wajinga, kisha tunaendelea na chai yetu. Hawakuwa wajinga. Wapo walioacha kazi, wapo waliouza mali, na mtu hauzi shamba lake kwa jambo asilolitamani kwa moyo wote. Walimtaka Mungu. Wakaambiwa anapatikana msituni, mbali na hospitali, mbali na shule, mbali na shangazi ambaye angeuliza maswali.

Mimi ni Mkristo, na nasema bila haya kwamba imani hii imenituliza roho. Lakini kila nikitafuta ulikotoka utulivu huo, sioni mahali ambapo Yesu alinitaka niuchukie mwili wangu au niwakimbie watu. Naona kinyume chake. Soma Marko sura ya 5, habari ya binti Yairo. Mtoto wa miaka 12 amekufa, nyumba imejaa vilio, Yesu anamshika mkono, mtoto anasimama. Sisi tungetaka hapo papigwe vigelegele na mahubiri ya saa mbili. Yeye anawaambia wampe mtoto chakula. Na baada ya kufufuka, Yohana 21, wanafunzi wanarudi kutoka kuvua usiku kucha wanamkuta ufukweni amewasha makaa, samaki wako juu yake na mkate upo. Mvuvi yeyote wa hapa anajua maana ya kukuta moto umeshawashwa.

Eliya naye aliomba afe, chini ya mti, jangwani. Malaika hakumpongeza kwa uamuzi huo. Alimgusa, akamwambia ale, na alipolala tena akamwamsha ale mara ya pili.

Sisemi kufunga ni kubaya. Nafunga. Ila nimejifunza kufunga kwa majirani zangu Waislamu kuliko kwa mahubiri mengi niliyoyasikia: adhana ya magharibi ikilia, tende na uji viko tayari, na sahani imeshapelekwa nyumba ya pili. Mgonjwa ana ruhusa, msafiri ana ruhusa. Kanisa Katoliki nalo limeweka mipaka kama hiyo, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa walio kati ya miaka 18 na 59, mlo mmoja kamili unabaki palepale. Isaya 58 inakwenda mbali zaidi: saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Kwa maneno mengine, njaa yako ina maana pale mwingine anaposhiba kwayo. Anayefunga chakula chake kikaishia kwenye kapu la mhubiri, au kikakosa kumfikia mtoto wake mwenyewe, anafanya kitu kingine kabisa.

Pale karibu na bahari kuna kile kikanisa kidogo cha Wareno, cha makuti, ambacho watalii hukipiga picha wakaenda zao. Mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, na katika barua yake anasimulia alivyozungumza na mzee mmoja Mwislamu wa mji. Mzee alikuwa na huzuni. Katika misikiti 17 ya Malindi, alisema, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa. Kisha akamuuliza Xavier: je, huko kwenu makanisa yanajaa? Xavier alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasio Wakristo. Ni mtakatifu wetu, namheshimu, lakini jibu lile lilikuwa baya, na mzee hakuridhika nalo. Alikuwa ameuliza jambo la maana: watu wakiacha kukusanyika, imani inabaki wapi?

Swali hilo ndilo ninalowarudishia viongozi wa makanisa ya hapa. Baada ya Shakahola tulisikia mengi kuhusu leseni, vyeti vya uchungaji na jopokazi la serikali. Sawa, viwepo. Lakini cheti hakimtembelei mtu. Waliokwenda msituni wengi walikuwa wameshakaa kwenye viti vya makanisa fulani, wakaimba, wakatoa sadaka, na pengine siku walipoacha kuja hakuna aliyeuliza. Yule mhubiri wa msituni aliwajua kwa majina. Hilo linaniuma kusema, na naona ni kweli.

Ndiyo maana naipenda jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakristo wanaosali pamoja, pamoja na uchovu wake wote: mikeka, feni isiyofanya kazi, ubishi wa michango, mama mmoja anayeomba mpaka wali unapoa. Tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila mtu anasema neno lake, hata aliyeishia darasa la nne. Halafu mwenyekiti anauliza nani hajaonekana, na watu wawili wanatumwa nyumbani kwake. Sijawahi kutokewa na maono pale. Nimewahi kufika nikiwa nimekata tamaa, nikatoka na kazi ya kumpelekea mgonjwa unga, na njiani nikagundua kwamba naimba.

Kwa hiyo ukialikwa kwa mhubiri mpya, hapa Malindi au kokote, usianze na miujiza yake. Muulize kama unaweza kuja na mama yako. Muulize mtoto akishikwa na homa usiku anapelekwa wapi. Akikwepa, panda tuktuk urudi nyumbani.