Jina la Mwisho Daftarini

Mama yangu mkubwa anauza vitenge Birere, hapa Goma, na nusu ya Birere ina deni kwake. Mimi, wiki ya tatu tangu nianze kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikamwambia daftari limepitwa na wakati. Nikaingiza wadaiwa 100 kwa mpangilio wa alfabeti, nikaandika utafutaji wa nusu kwa nusu: uliza jina la katikati, tupa upande usiohusika, endelea. Majina 100, maswali hayazidi 7. Hizo 7 nilijisifu nazo mpaka kwa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

Jumamosi akaja mama mmoja, jina lake linaanza na Z. Kompyuta ikajibu: "Hana deni."

"Mmesikia? Mashine imenisamehe!" Akapiga vigelegele.

Mama mkubwa akamtazama kuanzia mabegani hadi miguuni. "Na hicho ulichovaa, ulinilipa lini?"

Nikainamia kompyuta, jasho likinitoka. Kumbe mpaka wa kulia niliuweka 99, nafasi ya jina la mwisho (orodha huanza na 0, usiniulize kwa nini), halafu sharti likasema endelea maadamu mpaka wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia. Vikilingana tu, programu inafunga duka. Jina la mwisho haliulizwi milele. Nikaongeza alama ya "au sawa na". Z akatokea: dola 15. Nikajiona daktari.

Papa wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa akishusha mzigo, mtu asiyewahi kukopa hata sindano. "Nitafute na mimi, kijana."

Jina lake halimo. Kushoto na kulia vikakutana, programu ikasema mpaka wa kulia uhamie katikati, na katikati ni palepale, na sharti bado ni kweli, basi tena. Na tena. Feni ya kompyuta ikavuma kama pikipiki inayopanda Mlima Goma na abiria watatu. Watu wakaanza kusogea.

"Bado inatafuta?"

"Bado, mama."

"Eh! Deni gani hilo lisilofika mwisho?"

Papa wa chukudu akaacha kucheka. Akajikuna kichwa, akatia mkono mfukoni. "Jamani... labda ile soda ya mwaka jana."

Mama mkubwa, ambaye hajawahi kuuza soda, akapokea noti, akailaza ndani ya daftari.