Mbili za Kushoto

Tangu mwezi wa saba, kila nikishuka kitandani kisigino cha kulia kilikuwa kinanisalimia kwa msumari. Napiga yowe, nashika kabati, natembea kwa kuchechemea mpaka msalani, halafu baada ya hatua ishirini hivi maumivu yanapoa kana kwamba hayakuwapo. Mke wangu alishaanza kusema ninaigiza ili nisitumwe dukani.

Daktari akanibonyeza kisigino, nikaruka, akasema "ndio hapohapo". Akaeleza kwamba chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, na wangu umechoka kunibeba. Nina kilo 96 na kazi ya kukaa kwenye kiti. Akanipa masharti matatu: ninyooshe misuli ya nyuma ya mguu kabla sijakanyaga sakafu asubuhi, nigandishe chupa ya maji niiviringishe chini ya wayo jioni, na nisitembee peku mahali pagumu. Hilo la tatu nililisahau nikiwa bado kwenye daladala, maana nilifungua simu.

Kwenye simu kulikuwa na mzungu mwenye ndevu anatembea peku msituni. Anasema mguu mmoja una mifupa 26, na sisi tumeufungia kwenye boksi la ngozi tangu utotoni mpaka misuli yake imelala usingizi. Waliokua bila viatu vidole vyao vimetanuka na nyayo zao ni imara. Akaleta na watafiti wa Harvard ambao mwaka 2010 waliandika habari za wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya, waliokua peku: wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo badala ya kugonga kisigino, na mshindo unakuwa mdogo. Yote hayo ni kweli, na hapo ndipo nilipoponzeka, maana uongo ningeushtukia. Mwishoni kabisa alisema mtu aanze na dakika tano kwa siku, kwenye nyasi. Hilo nimelijua wiki iliyopita. Siku ile sikufika mwisho wa video, bando liliisha.

Nikamtangazia mke wangu kwamba navua viatu.

"Kwa sababu gani, baba watoto?"

Nikamwambia habari za Abebe Bikila. Mwanajeshi wa Ethiopia, Roma, mwaka 1960, kilomita 42 na ushei usiku kwenye barabara za mawe, miguu mitupu, na akachukua dhahabu. Nilisimulia kwa mikono. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Tokyo mwaka 1964 alivaa nini?"

Sikujua kama anafuatilia riadha. Ikabidi nitafute. Tokyo alivaa viatu, tena ilikuwa kama wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, na akashinda tena kwa muda mzuri kuliko wa Roma, tofauti ya dakika tatu hivi. Nikazima simu nikasema nasikia usingizi.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoka getini peku kwenda soko la Majengo. Kwa wasioijua Dodoma: mwezi wa kumi mvua bado, nyasi hazipo, na jua linaanza kazi mapema kuliko watumishi wa serikali. Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo anayevaa mabuti ya mvua mwaka mzima, aliniangalia miguu kwa muda mrefu.

"Bosi, wamekuibia?"

"Hapana mzee. Ni afya."

"Mimi nimetembea peku miaka kumi na tano natafuta viatu," akasema. "Wewe una viatu unatafuta peku." Akafungua geti.

Kusema kweli, kwenda kulikuwa raha. Vumbi lilikuwa la baridi, laini kama unga, na kisigino kilinyamaza kimya. Nilikanyaga kwa mbele ya wayo kama Mkenya wa Harvard. Nikafika sokoni nimevimba kichwa, nikanunua zabibu kilo mbili, nikanunua na jogoo wa kienyeji aliye hai, hela ikaishia hapo. Simu niliiacha nyumbani makusudi, maana mzungu alisema tuwe karibu na ardhi. Kisha nikakutana na jamaa wa ofisini, tukaanza mambo ya uhamisho na posho, na nilipokuja kushtuka ilikuwa saa sita mchana.

Jamani, lami.

Hatua ya kwanza nilidhani nimekanyaga kaa la muuza mahindi. Ya pili nikaelewa. Ya tatu sikumbuki, nilikuwa hewani. Nikagundua kwamba barabara ya saa sita inavukwa kwa vivuli: kutoka kivuli cha nguzo hadi cha bajaji, kutoka bajaji hadi mwavuli wa muuza vocha, unasimama hapo unajifanya unasoma bei, kisha unachomoka tena. Mkono mmoja zabibu, kwapani jogoo anapiga kelele kila ninaporuka. Kwenye kivuli cha muuza vocha nilisimama mpaka akaniuliza nataka ya shilingi ngapi.

Mbele nikaona kiwanja kitupu chenye mchanga mwekundu. Nikasema, hapa ndipo. Nikachepuka kwa mbio.

Mwenyeji yeyote wa Dodoma atakwambia mchanga ule una mwenyewe, na mwenyewe ni mbigili. Ni kijimmea kinachotambaa, kina maua ya njano ya kupendeza, kikikauka kinaacha vimbegu vyenye pembe ngumu, na vyovyote utakavyokitupa, pembe moja itaangalia juu inakusubiri. Vinatoboa hata tairi la baiskeli. Nyayo zangu zilikuwa na umri wa miaka 38 ndani ya soksi.

Nikapiga yowe lile la asubuhi, ila la miguu yote miwili. Zabibu zikamwagika. Jogoo akachomoka akakimbia kuelekea kijiwe cha bodaboda, na mimi nyuma yake, nakimbia kwa visigino, kwa ubavu wa nyayo, kwa sehemu za mguu ambazo Harvard hawajazichunguza.

Hebu jiweke pale kijiweni. Mchana kweupe anatokea mtu mzima, hana viatu, anahema, anakimbiza kuku.

"Mwizi wa kuku!"

Wakanizunguka, kama vijana wanane, mmoja ameshavua mkanda. Nikajaribu kueleza habari za misuli ya wayo. Usijaribu. Kadiri nilivyotaja Ethiopia na Kenya ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nimetoka mbali kuja kuiba.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza mlenda mkavu, meza yake iko hapohapo pembeni. Akaja taratibu, akaniamuru nikae chini, akanishika kifundo cha mguu akauinua juu kama anaonyesha samaki sokoni.

"Mtazameni huyu nyayo. Nyekundu, laini, kama za kichanga cha juzi. Mwizi gani ana nyayo kama hizi? Huyu ni wa ofisini, ana matatizo yake."

Kijiwe kizima kikainama kutazama. Mmoja akagusa. Mkanda ukarudi kiunoni. Sijawahi kusafishwa jina namna ile, wala sitamani tena.

Kijana mmoja akamkamata jogoo. Mama akachomoa ndala chini ya meza, za mumewe, akasema nivae nitamrudishia, akamwamuru yule wa mkanda anipeleke zahanati bure. Ndala zilinikataa mguu wa kulia, kidole gumba kikabaki nje kinaning'inia. Nikadhani ni uvimbe.

Muuguzi alitoa miba saba kushoto na tisa kulia, akayafunika malengelenge. Akauliza mara ya mwisho nilichomwa lini sindano ya pepopunda. Nikasema labda shule ya msingi. Akachomoa sindano bila kusema neno. Kisha akauliza nilikuwa nafanya nini, aandike kwenye kadi.

"Nilikuwa natibu kisigino."

Akaweka kalamu chini. Yeye ndiye aliyegundua: "Na mbona ndala zako zote ni za kushoto?"

Jogoo tulimla jioni ileile. Chupa ya barafu nimeanza kuiviringisha, na kisigino kinapoa polepole, kama daktari alivyosema. Mlinzi hajanicheka, ila siku hizi kila nikitoka anaangalia miguu kwanza ndipo anafungua geti.

Baada ya siku mbili nikamfuata yule mama, nimevaa raba na soksi nzito, nimembebea pea ya ndala mpya za mumewe. Akazipokea, akashukuru, akazitia chini ya meza. Halafu akanyoosha mkono tena.

"Zile za zamani ziko wapi, baba? Mzee tangu juzi hajatoka. Ana mbili za kulia."