Ada siyo gharama yote ya digrii ya kemia
Nimesoma makala inayodai eti mhitimu wa kemia akipata kazi, ada aliyolipa inarudi upesi. Mwandishi kahesabu ada tu. Chumba cha kupanga Sinza, Dar es Salaam, nauli na miaka mitatu bila kipato kaviacha. Halafu ukiajiriwa, kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Mimi nipo maabara ya kiwanda cha rangi huku Barabara ya Nyerere. Tunapima mnato na pH (kiwango cha asidi) zamu nzima, na mwenye diploma anafanya kazi ileile, mshahara tunapishana kidogo mno. Kinachonibeba ni tuisheni ninayofundisha jioni (wazazi wala hawaulizi cheti, wanaangalia matokeo). Mliopo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au migodini, kwenu hesabu ikoje?