Miaka miwili ya nyumbani haihesabiwi Uholanzi

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani, Mtanzania kama mimi, alinitumia ujumbe. "Shikamoo mwalimu. Nimepata kazi chuo kimoja Marekani, ila wananiambia sijamaliza miaka yangu miwili. Mbona kule nimeondoka tangu 2022?" Nikamuuliza muda wote huo alikuwa wapi. Kumbe miaka miwili alikuwa Uholanzi, anasoma uzamili.

Basi hapo ndipo alipokwama. Marekani alikwenda kwa J-1, viza ya wageni wa mipango ya kubadilishana, kufundisha Kiswahili chuoni mwaka mmoja wa masomo chini ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, kama walivyokwenda walimu wengi wa Kenya na Tanzania. Ukishalipiwa na serikali, yao au yako, kifungu cha 212(e) cha sheria yao ya uhamiaji kinakutaka ukae nchini kwenu miaka miwili kabla hujapewa viza ya kazi ya H au L, ya mchumba, au grini kadi ya ukaazi wa kudumu. Kutembea au kusoma unaweza kurudi hata kesho. Lakini siku zinazohesabiwa ni zile ulizokaa nyumbani. Unaruhusiwa kuzikusanya kidogo kidogo. Za Uholanzi hazimo.

Mimi kwa hili sina ugomvi nao. Aliyelipa nauli alisema mapema anachotaka. Mimi nami nilipochukua pasipoti yangu, maneno ya sharti hilo yalikuwa chini ya viza, na hiyo 212(e) nikadhani ni namba ya ofisi. DS-2019, fomu ya mtu wa J-1, nayo ina visanduku pale chini kushoto, kimoja kimetiwa alama, na sahihi yangu ipo ukurasa huohuo. Nani alisoma? Akili yangu ilikuwa kwenye koti la mtumba.

Kinachonikera ni orodha yao ya ujuzi, ya fani wanazosema zinahitajika nchi fulani. Hiyo inakufunga hata kama hukugusa senti ya serikali, kwa kuwa tu fani yako na nchi yako vimeandikwa humo. Desemba 2024 waliipitia upya wakazitoa nchi kadhaa, zikiwemo China, India na Afrika Kusini, na waliokuwa wamefungwa na orodha peke yake wakafunguliwa, hata walioingia miaka ya nyuma. Yaani jana ujuzi wako unahitajika kwenu kiasi cha kukuzuia kazi, leo kwenu wanaweza kuukosa! Madaktari waliokwenda kufanya mafunzo ya hospitali hata hawamo kwenye bahati hiyo: wao wana kifungo chao, na njia yao kubwa ya kuchomoka ni kukubali kutibu miaka mitatu kwenye maeneo yenye uhaba wa madaktari.

Halafu msichanganye na ile miezi 24 ya watafiti na maprofesa. Ile inakuzuia kurudi kwa kundi hilohilo la J-1 tu, na unaweza kuimaliza popote, hata Uholanzi.

Mwanafunzi wangu alitaka ubalozi wetu umwandikie barua ya kutokuwa na pingamizi, ili asamehewe ile miaka miwili. Aombe, lakini kwa aliyelipiwa na serikali ya Marekani barua hiyo mara chache husaidia. Nikamwambia achukue daftari, aandike kila muhuri wa pasipoti. Amehesabu, amebakiza miezi 14. Mwezi ujao binamu yake anaolewa Mombasa, na ameniuliza kama siku nne za harusi zitakatwa.

Zitakatwa.