Jiwe la mpaka libaki pale pale lilipo

Wapimaji wakipita kijijini kupima viwanja, jiwe la zamani la mpaka huwa hatarini. Bikoni mpya, yaani alama ya mpaka ya wapimaji, inachimbiwa, inapewa namba, na lile la zamani linang'olewa kwenda kujaza msingi wa nyumba au kuwa figa jikoni. Inaniuma sana, maana kulizuia hili hakuhitaji fedha za kutisha.

Liko moja upande wa Mikindani, kati ya mashamba mawili ya mikorosho. Kimo chake hakifiki gotini. Ubavu mmoja umelika na kuwa mfereji laini, kwa sababu watu wamenolea panga hapo miaka nenda rudi kabla ya kuingia kupalilia. Ubavu wa pili una herufi ambazo sasa zinasomeka kwa kidole kuliko kwa macho. Mwambie bodaboda akushushe jiweni, hatakuuliza jiwe lipi. Wazee wakiitwa kuamua ugomvi wa mashamba, wanaanzia hapo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 imeweka mstari wake mwaka 1863: jiwe la kabla ya hapo linalindwa, la baadaye halilindwi. Jiwe lililosimikwa enzi za Mjerumani au Mwingereza linaangukia upande usio na ulinzi, labda Waziri alitangaze. Nani atampelekea Waziri habari za jiwe la shambani?

Na sisi wa kusini tunajua mipaka inavyohama. Kionga, ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, Wajerumani waliitwaa 1894, Wareno wakaichukua 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Wamakonde wa pande zote mbili hawakuulizwa. Wao waliendelea kuoana na kuzikana.

Wapo wanaoshauri mawe haya yapelekwe makumbusho. Sikubaliani nao hata kidogo. Mlango wa nakshi ukiuhamisha unabaki mlango. Jiwe la mpaka ukilisogeza hata hatua kumi tu, linaanza kusema uongo.

Mpimaji achimbie bikoni yake pembeni na la zamani aliache. Mwenyekiti aliandike kwenye daftari la kijiji: liko wapi, linatenganisha nini, wazee wanalielezaje. Kama kwenu liko jiwe la namna hiyo, iwe Lindi, Newala au Nachingwea, nenda ofisi ya kijiji ukaliandikishe kabla wapimaji hawajafika.