Uji Umetosha, Mpe Mtoto Yai Alishike

Hapa Kisumu mtoto akifikisha miezi sita, swali la kwanza utakaloulizwa ni unga gani unampikia. Hakuna anayeuliza ataanza kula nini. Uji umeshakubaliwa kuwa ndio jibu, na kilichobaki ni kubishana kuhusu vya kusagia ndani yake: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, omena, na mwenye pesa kidogo huongeza mbegu za malenge. Ukipita Kibuye kutafuta nafaka, muuzaji akikuona na mtoto mgongoni atakuchanganyia kabla hujamaliza kusalimia.

Sina ugomvi na uji. Nimekua kwa uji na bado naunywa. Ninachopinga ni kuutwika kila kazi, hadi yai lenyewe likapasuliwa na kukorogewa humo humo, sufuria ikiwa tayari imetolewa motoni. Hilo la mwisho linanitia hofu hasa, kwa sababu uji unaopoa hauivishi yai sawasawa, na yai lisiloiva linaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Kuhara ambako mtu mzima atakumaliza kwa siku mbili za kulalamika, kwa mtoto wa miezi saba ni safari ya hospitali.

Rai yangu ni nyepesi. Asubuhi mpe mtoto yai lililoiva kabisa, ulikate vipande anavyoweza kushika, na umwache ale mwenyewe. Uji uje baadaye kama una nafasi.

Kwa nini mkononi? Kwa sababu kikombe cha uji kinamfundisha kumeza tu. Mtoto wa miezi sita au saba anayekaa wima bila kuyumba, anayefikisha kitu mdomoni mwenyewe, yuko tayari kujifunza kutafuna hata kama hana jino. Ufizi unafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Tena anayeshika chakula chake ndiye anayeamua ameshiba. Wengi wetu tulinyweshwa uji kwa kiganja, pua zimebanwa, na hadi leo kuna nyumba ambazo mtoto hulia kila anapoona kikombe.

Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, hatakubali haraka, na ana haki ya kusikilizwa. Magharibi yote ya Kenya utasikia kwamba mtoto akila mayai kabla ya kusema atachelewa kusema. Hakuna ushahidi wa hilo. Yai kwa kweli lina kolini kwa wingi, kirutubisho ambacho ubongo unakihitaji unapokua, na karibu yote iko kwenye kiini. Lakini mimi huiona hekima ya kiuchumi ndani ya mwiko huo. Yai lililoliwa leo ni kuku asiyekuwepo mwaka ujao, na boma lenye mitetea mitatu haliwezi kuwaachia watoto kiota. Kwa Waluhya ilikuwa hata wanawake hawali kuku, kwa hiyo ni wazi mtoto mchanga hakuwa wa kwanza kwenye foleni. Siku hizi mayai yanauzwa kwa trei katika kila kona ya Kondele na Manyatta, na sababu ya zamani imebaki bila kazi. Ukimweleza bibi hivyo, badala ya kumwambia kwamba hajui, mtaelewana.

Hofu ya mzio, au aleji kama tunavyoiita, ina msingi zaidi. Yai ni mojawapo ya vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwa watoto. Ila ushauri umegeuka. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema watoto walio katika hatari kubwa ya mzio wasubiri mayai hadi miaka miwili, na mwaka 2008 kikaachana na ushauri huo. Kisha mwaka 2017 Wajapani wakachapisha utafiti wao juu ya watoto wenye ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi kuwasha na kukauka. Waliopewa unga wa yai lililopikwa, kwa kiasi kidogo sana kuanzia miezi sita huku ngozi ikitibiwa, asilimia 8 walikuwa na mzio wa yai walipofikisha mwaka, na wale ambao hawakupewa walikuwa asilimia 38. Zingatia neno lililopikwa, na zingatia kidogo sana. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ncha ya kijiko, asubuhi, siku ambayo mko nyumbani na hujamwanzishia njugu wala samaki. Mwangalie saa chache. Akitoka vipele vya kuinuka, akavimba midomo au kutapika, usimpe tena kabla ya kuonana na daktari. Akipumua kwa shida, usisubiri, mkimbize hospitali. Mwenye ukurutu mkali aonane na daktari hata kabla ya hiyo ncha ya kijiko.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa wale wanaoliabudu yai. Mwaka huo huo wa 2017 ulitoka utafiti wa Ecuador, ambako watoto walioanza wakiwa na miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa nusu mwaka, na udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, ukawa chini kwa asilimia 47 ukilinganisha na wasiopewa. Habari hiyo ilizunguka kila mahali. Iliyozunguka kidogo ni ya Malawi, wilaya ya Mangochi, ambako jaribio kama hilo halikuonyesha tofauti ya urefu. Watafiti walieleza kwamba huko udumavu haukuwa mwingi tangu mwanzo, na watoto walikuwa tayari wanakula samaki wa ziwani. Kwa mtu anayeishi dakika chache kutoka Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, hilo ni jambo la kufikiria. Mtoto anayekula omena iliyosagwa vizuri kila siku hana njaa ya protini. Yai lina gramu 6 hivi za protini nzuri, lakini madini ya chuma ni chini ya miligramu 1, na mtoto wa miezi saba hadi kumi na miwili anahitaji karibu 11 kwa siku. Maini, nyama, omena na maharagwe vina nafasi yao mchana na jioni. Yai nalichagua asubuhi kwa sababu linaiva kabla ya chai kuchemka na linashikika.

Tuingie jikoni. Ninalolipenda kuliko yote ni kimanda chembamba. Piga yai moja na kijiko kikubwa cha malenge yaliyochemshwa na kupondwa, au mboga ya jana iliyokatwa ndogo kabisa, terere au kunde, bora iwe ilichotwa kabla ya chumvi. Tone la mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, funika. Mfuniko ndio siri, kwa sababu juu kunaiva kwa mvuke kabla chini hakujawa kugumu. Geuza, subiri kidogo, kata vipande virefu vya upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Mtoto wa miezi sita hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo kipande lazima kitokeze nje ya ngumi, la sivyo atakaa akitazama ngumi yake. Akifika miezi minane, tisa, akaanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo ukate vidogo. Kipande kizuri ni kile unachoweza kukiponda kwa vidole viwili bila nguvu.

Kiazi kitamu kilichobaki usiku, hasa kile cha rangi ya machungwa, kiponde, changanya na yai, teka kijiko kijiko kwenye kikaango na ubonyeze kidogo kama chapati za mchezo. Ndizi mbivu moja na yai moja hufanya vivyo hivyo, ila sukari ya ndizi huunguza upesi, kwa hiyo moto uwe wa kubembeleza. Ikikataa kushikana, kijiko cha unga wa wimbi kitaituliza. Wasio na kikaango kisichogandisha wamimine mchanganyiko kwenye bakuli la chuma lililopakwa mafuta, waliweke ndani ya sufuria yenye maji kidogo yanayotokota, wafunike. Linatoka kama keki laini ya kukatwa.

Yai la kuchemsha ndilo kila mtu huanza nalo, na mimi ningeliweka mwisho. Kiini kikavu hugandamana kwenye paa la mdomo na ute ulioiva huteleza. Kama ni hilo ulilo nalo, ponda kiini na maziwa ya mama au ovakado, upake juu ya kipande cha kiazi. Ute ukate kwa urefu, usimpe vipande vya mviringo. Na kwa ndugu zetu wa Nakuru, mji wenu uko juu, mita 1,850 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, wakati huku Kisumu ni kama 96. Dakika kumi za huku huenda zisitoshe huko. Pasua moja uangalie kiini.

Mapishi mengi ya watoto yanayozunguka mtandaoni yanataka oveni, vikombe vya silikoni, shayiri ya kutoka nje na jibini. Sioni sababu. Chakula cha mtoto huyu ni kile kile mnachokaanga ninyi, kinachochotwa kabla ya chumvi, vitunguu vingi na pilipili. Chumvi hahitaji, sukari hahitaji, na asali ni marufuku kabla ya mwaka mmoja kwa sababu ya sumu ya botulinamu. Vile vile wanaosisitiza lazima liwe la kienyeji wanawatia mama wengine unyonge bure. Rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku, majani na mahindi ya njano, haikuambii kama lina protini zaidi. La gredi, yaani la kuku wa kisasa, lenye ganda zima linatosha.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita kimya, nalo ni chai. Unamwandalia mtoto yai na mboga, halafu mtu mzima mwenye mapenzi anachovya mkate kwenye kikombe chake cha majani na kumwekea mdomoni. Tanini za chai hushika yale madini ya chuma kidogo yaliyokuwepo yasiingie mwilini. Maziwa ya mama yanatosha kushushia, na maji safi ya kunywa kidogo. Kama kuna kipande cha chungwa au papai pembeni, afadhali zaidi, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Najua wengi mnaosoma hapa mnatoka nyumbani saa kumi na mbili kuwahi matatu, na yai ataliandaa dada wa kazi au mama wa dekea anayelea watoto mchana. Usimwachie maelezo marefu. Mwonyeshe siku ya mapumziko, mfanye pamoja. Msisitizie mtoto awe amekaa wima chini au kwenye kiti, si mgongoni, si amelala, na asiachwe peke yake na chakula hata dakika ya kuanika nguo. Mweleze kwamba kukohoa na kutoa ulimi kwa kelele ni kujifunza, asimtie kidole mdomoni. Mtoto aliyenyamaza, hawezi kulia na anabadilika rangi ndiye amekabwa, na hapo ni kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, kumpiga mapigo matano katikati ya mabega huku akiita msaada. Wauguzi wa kliniki, siku ya chanjo, wakiombwa huonyesha namna ya kufanya hivyo. Na vilivyobaki mezani vitupwe au vipewe kuku wa jirani. Kwa joto la Kisumu, yai lililopikwa saa moja asubuhi si chakula cha mtoto saa sita mchana.